Stopa ya keriji kwenye mashine ya kuchonga vyuma: maswali ninayoulizwa kila siku hapa Kigoma

Nachonga vyuma Kigoma mjini. Kazi zetu kubwa huku ni shafti za mashine za kusaga, pini na bushi za mitambo ya kukamua mawese, shafti za boti, spesa za bajaji na bodaboda. Mafundi wenzangu wa hapa mjini, wa Kasulu, wa Uvinza, wakifika karakana wanaangalia mashine wanaona kile kidude kimebana kwenye kitanda karibu na chaki (ile yenye taya inayoshika na kuzungusha kipande), wanauliza hiki cha nini fundi, nikishaeleza wanataka kutengeneza cha kwao na hapo ndo maswali yanaanza. Nimeyaandika yote hapa, kwa leithi, yaani mashine za kuchonga vyuma, za kawaida tulizonazo.

Stopa ya keriji ni nini hasa?

Ni kipande cha chuma kinachobanwa kwenye reli ya mbele ya kitanda cha leithi, upande wa kushoto wa keriji (sehemu inayobeba kisu na kutembea juu ya kitanda), yaani kati ya keriji na chaki. Kina skrubu imetokeza kuelekea keriji. Keriji ikija kutoka kulia inagusa ncha ya ile skrubu, inaishia hapo, ukiirudisha ukaileta tena inaishia palepale. Basi, kazi yake ni hiyo. Umeshamuona seremala anayepigilia kijiti kwenye meza ili kila ubao aukate urefu uleule bila kupima tena, ni kitu kilekile, ila sisi tunataka sehemu ya mia ya milimita na yeye akikosea milimita moja mlango bado unafunga.

Si nina venia ya kupimia na alama za kwenye gurudumu, kwanini nihangaike?

Kwa kazi ya kipande kimoja usihangaike kabisa, pima, chonga, pima tena, maliza.

Shida inaanza vipande vikiwa vingi. Niliwahi kupewa pini 24 za mtambo wa mawese, kipenyo milimita 20, bega, yaani pale kipenyo kinapobadilika, liwe milimita 35 kutoka mwisho. Nilikuwa sina stopa. Nachonga kidogo, nazima, naingiza venia, nawasha, nachonga kidogo, nazima. Mpaka pini ya tisa jua linazama na mwanga ndani umepungua, nikazipanga mezani zimesimama mabega juu, ukizitazama kwa pembeni kama meno ya mtoto, hii 34.6 hii 35.3, moja 35.8. Ile ya 35.8 ilikuwa haifai kwasababu kibati cha kuzuia kingecheza. Na muda mwingi niliutumia kupima wala sio kuchonga. Siku hizi pini kama zile nachonga za kwanza kwa kupima, zinazofuata sipimi urefu kabisa isipokuwa kila baada ya tano sita kwa kuhakikisha, na zinatofautiana sehemu mbili tatu za mia ya milimita, basi.

Alama za kwenye gurudumu la keriji zinasaidia lakini leithi nyingi tulizonazo gurudumu hilo halina alama au zimefutika, na hata zikiwepo unatakiwa uhesabu mizunguko, mtu akikusemesha umepotea.

Stopa inazima oto, ule mwendo wa keriji kujiendesha yenyewe? Yaani naweza kuweka oto nikaiacha mpaka igonge?

HAPANA. Naomba hapa usome taratibu.

Stopa ya kawaida haikati oto. Oto inasukumwa na gia zinazotoka kwenye spindo, ile shafti inayozungusha chaki, na nguvu yake ni kubwa kuliko bolti mbili zilizobana kipande chako kwenye reli. Keriji ikifika kwenye stopa wakati oto ipo, kitu kimoja lazima kiachie: stopa inateleza, au pini ya usalama inakatika, au jino la gia linatoka. Hakuna namna ya nne nzuri.

Yalinikuta mwenyewe. Nilikuwa napunguza shafti ya milimita 40 ya mashine ya kusaga, oto imewekwa, stopa nimeibana vizuri nikaamini itanilinda. Mteja akaniita mlangoni, nikageuza kichwa sekunde chache tu. Nilisikia kwanza mlio umebadilika, mzito, kama mtu anavuta meza kwenye sakafu, nikageuka stopa inasukumwa juu ya reli, keriji iko nyuma yake, na kabla sijafika kwenye lever kisu kikagonga taya la chaki. Kisu kikavunjika, taya likamegeka pembeni, na kwenye reli kuna mkwaruzo wa kama sentimita moja upo mpaka leo, ukipitisha kucha unausikia. Mteja alikuwa mtu mzima, mzee wetu, akaniambia tu "pole mwanangu, ningesubiri." Kosa halikuwa lake.

Kwahiyo utaratibu ni huu: oto inatolewa keriji ikibaki milimita 2 hivi kufika kwenye stopa, zile 2 za mwisho unamalizia kwa mkono mpaka iguse. Mimi naweka alama ya maka peni kwenye reli, ikifika hapo mkono uko kwenye lever tayari. Kijana wangu namwambia hivihivi kila siku asubuhi, akiweka oto asiangalie kitu kingine chochote.

Zipo leithi zina klachi ya oto inayojiachia yenyewe ikikutana na mzigo, zile ni kweli zinaweza kugonga stopa na oto ikajikata, ndivyo zilivyotengenezwa. Kama yako ni hiyo kibao chake au kitabu chake kitasema. Kama huna uhakika ichukulie kama haina.

Nitumie chuma gani na ukubwa gani?

Chuma laini cha kawaida kinatosha kabisa. Kwa leithi ya kati, kipande cha urefu wa milimita 60, upana 50, unene 40 ni kizuri. Ukipata chuma cha kuyeyusha, kama kipande cha uzito wa mizani ya zamani au cha bodi ya injini mbovu, ni kizuri zaidi kwasababu kinakaa vizuri kwenye reli na hakikwaruzi sana, ila kikianguka kwenye sakafu kinaweza kupasuka. Kwa chini unahitaji bamba la unene wa milimita 10 au 12 na bolti mbili za M8 za alenki. Tobo la tepu (kifaa cha kukata nyuzi za ndani) ya M8 ni drili ya 6.8, usitumie 7 ukitegemea itashika, itashika siku ya kwanza tu.

Vyuma chakavu Kigoma havikosekani. Reli ya kati imefika hapa tangu 1914, na meli ya Liemba mnaijua, ilijengwa Papenburg Ujerumani 1913, ikafunguliwa vipande, ikaletwa kwenye makasha ikaungwa tena hapahapa 1915. Huwa nikiiangalia nawaza matobo ya ribeti ya zile sahani, yaliyotobolewa upande ule wa dunia, yakaja kukutana huku. Kipande kufanana na mwenzake ni kazi ya zamani sana kwenye mji huu.

Reli ya kitanda ina umbo la V, ule mfereji wa V kwenye stopa naupataje na sina mashine ya milingi?

Hili ndo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ndo linalokatisha watu tamaa, wakati njia zipo.

Kwanza pima. Chukua skwea uweke pembe yake ya ndani juu ya mgongo wa V. Ukiona mwanga haupiti pande zote mbili basi V yako ni digrii 90, nyingi ziko hivyo. Ukiona mwanga upande mmoja basi sio 90 au pande hazilingani, zipo za namna hiyo, na hapo njia ya pili ninayoieleza chini haitakufaa, nenda ya tatu. Na zipo leithi reli yake ni bapa kabisa haina V, hiyo ni raha kwako, unaweka bega moja la kushika ukingo na umemaliza.

Njia ya kwanza ni kwa anayeweza kufika kwenye milingi au sheipa, mashine za kuchonga nyuso na mifereji, unakiinamisha kipande digrii 45 unapitisha. Pale SIDO, shirika la viwanda vidogo, au karakana za vyuo vya ufundi unaweza kuulizia.

Njia ya pili ni engo laini, kile chuma cha L. Kata kipande cha 50 kwa 50 unene 6, urefu milimita 60, kigeuze kikalie mgongo wa reli kama paa la nyumba. Ndani ya kona ya L kuna mviringo kidogo lakini mgongo wa reli juu kwa kawaida umekatwa bapa kwahiyo hazigusani. Sugua pande za ndani za L kwa tupa mpaka zikae vizuri, alafu ichomelee kwenye kipande chako cha juu. Chomelea kwa vituo vidogovidogo, huku na huku, acha ipoe kila mara, maana kuchomelea kunavuta chuma na L ikifunguka hata nusu digrii itayumba. Baada ya kuchomelea ipake reli masizi yaliyochanganywa na oili, safu nyembamba sana, kalisha stopa, isogeze kidogo, inua. Panapoonekana weusi ndo panagusa, sugua hapo, rudia. Ukipata weusi sehemu nne, mbili kila upande, mbele na nyuma, imekaa. Huhitaji igusane eneo zima.

Njia ya tatu naipenda na nimeshawafundisha wengi. Kata mfereji wa V kwa msumeno na tupa, ovyo tu, mpana kuliko reli kwa milimita moja au mbili kila upande. Uache na makwaruzo, usiulainishe, usafishe kwa petroli usibaki na mafuta hata kidogo. Reli ipake waksi ya kung'arishia gari, pitisha mara mbili, ikauke. Kisha changanya gundi ya chuma ile ya mirija miwili, jaza kwenye mfereji, kalisha stopa juu ya reli, inyooshe kwa skwea, weka kitu kizito, ondoka. Usirudi kuichezea. Baada ya masaa 24 igonge kidogo kwa nyundo ya mbao itaachia, na ndani utakuta V ya mashine yako yenyewe, na kama reli imechakaa basi imenakiliwa na uchakavu wake. Ukisahau waksi hiyo gundi itashika kwenye kitanda na kuitoa ni msiba, kwahiyo kagua mara mbili.

Bamba la chini linabana wapi?

Chini ya ukingo wa reli ya mbele. Angalia huko chini kwenye leithi nyingi ndo kumefungwa ule mfululizo wa meno ambao gurudumu la keriji linatembelea. Bamba lako lisiguse yale meno hata kidogo. Ingiza kidole upime nafasi, bamba lipunguze mpaka lipite. Pia weka kipande chembamba cha shaba kati ya bamba na kitanda.

Kubana: bolti kaza kwa alenki ya kawaida na mkono, usiongeze bomba. Stopa haitakiwi kuzuia mashine, inatakiwa kuzuia mkono wako. Ikiteleza kwa mkono wa kawaida kagua kama kuna oili kwenye reli chini yake, futa kwa kitambaa, sio kukaza zaidi.

Skrubu ya kurekebishia iwe ya nyuzi gani?

Ukiweza weka M10 yenye hatua ya milimita 1. Tobo la tepu yake ni drili ya 9. Ukizungusha mzunguko mmoja imesogea milimita 1 kamili, hesabu haikusumbui. Tepu ya M10 kwa 1 ukiikosa dukani, chonga hizo nyuzi kwenye leithi yako hiyohiyo, ndani na nje, ni zoezi zuri. Au tumia M10 ya kawaida ambayo hatua yake ni 1.5.

Kwenye kichwa cha skrubu weka ngoma yenye mistari. Kwa skrubu ya hatua 1, chonga ngoma kipenyo milimita 31.8, mzunguko wake unakuwa karibu milimita 100 kamili, kwahiyo unakata kipande cha karatasi chenye milimita 100 zilizochapwa, unakizungushia, ncha zinakutana, unagandisha kwa gundi na kupaka vanishi juu. Kila mstari ni sehemu moja ya mia ya milimita. Ukiona ncha zinapishana au zinaacha nafasi, punguza ngoma kidogo au chonga nyingine, jaribu kabla ya kuweka gundi. Kwa hatua ya 1.5 gawanya ngoma mara 30, kila mstari 0.05, na kwa kugawa tumia gia ya meno 30 au 60 kwenye mkia wa spindo na pini ya kuzuia jino.

Watu wanauliza kuhusu ule mchezo wa nyuzi, kwamba skrubu inacheza mbele na nyuma. Kwenye stopa hausumbui, kwasababu keriji inaisukuma skrubu upande mmoja siku zote. Kinachosumbua ni nati ya kufungia, ukiikaza inaivuta skrubu kidogo. Kwahiyo kaza kwanza ndo upime, usipime ndo ukaze.

Ncha ya skrubu iwe bapa au ya mviringo?

Mviringo. Ncha bapa inakamata chembe za chuma katikati na kila chembe ni kosa kwenye kipimo chako, mviringo inagusa sehemu ndogo na chembe zinakimbia pembeni. Njia rahisi ni gololi ya milimita 6 kutoka beringi iliyokufa, toboa kishimo kwenye ncha ya skrubu, ibane kwa kuikunjia kingo na gundi. Usiichomelee, itapoteza ugumu wake wote.

Na upande wa pili inagusa nini? Igonge kwenye chuma chenyewe cha keriji, chini, karibu na reli. Nimeona mtu analalamika stopa yake haitulii, kwenda kuangalia inagonga kile kibati kinachoshikilia feti (kitambaa kinene) ya kufutia reli, kibati kinabonyea kama springi.

Naipangaje kwa kazi, mfano makao ya beringi?

Tuchukue shafti ya mashine ya kusaga inayovaa beringi 6206. Tobo lake 30, nje 62, unene 16. Unataka makao ya urefu 16 kutoka mwisho wa shafti.

Sawazisha kwanza mwisho wa shafti. Zima. Leta kisu kiguse uso wa mwisho taratibu, hapo keriji iko kwenye sifuri. Usiguse kompaundi, ile slaidi ndogo ya juu inayobeba kisu, tena kuanzia sasa, ifunge kabisa. Chukua beringi yenyewe, mpya, iweke katikati ya keriji na ncha ya stopa, sogeza stopa mpaka iguse beringi bila kuibana, kaza bolti. Toa beringi. Sasa keriji ina nafasi ya kutembea unene wa beringi yako hasa, sio ya kwenye kitabu. Chonga kipande cha kwanza, pima, na kama unataka beringi izame kidogo zungusha skrubu sehemu kumi za mia, kaza nati, umemaliza. Sijapata njia rahisi kuliko hii, na haihitaji kupima namba yoyote.

Nina mabega mawili au matatu kwenye shafti moja, nahitaji stopa tatu?

Hapana, unahitaji vipande vya kuweka katikati. Mfano bega la kwanza liko 16 na la pili liko 46 kutoka mwisho. Stopa ipange kwenye 46. Kisha chonga kipande cha duara cha urefu 30 kamili, kiwe na nyuso zilizonyooka, ukikiweka kati ya stopa na keriji unaishia 16, ukikitoa unaishia 46. Cha muhimu kisianguke kwenye chembe za chuma, mi nakishika kwa mkono wa kushoto mashine ikiwa polepole na keriji bado iko mbali, kama chaki iko karibu sana nakifunga kwenye waya mgumu kama mshikio. Mikono mirefu ya shati hapana, glavu hapana.

Wengine wanatengeneza ngoma yenye skrubu nne mpaka sita inayozunguka, kila skrubu urefu wake. Ni nzuri kama kazi ileile inarudi kila wiki. Vinginevyo vipande vinatosha.

Nimeweka stopa, inabana vizuri, lakini urefu bado unatofautiana. Kwanini?

Hili watu wengi hawaambiwi: stopa inazuia keriji, haijui kipande chako kiko wapi kwenye chaki. Ukifungua chaki ukaweka kipande kingine kikaingia ndani milimita moja zaidi, bega litahama milimita hiyohiyo. Dawa ni mbili. Ama weka kizuizi ndani ya chaki, fimbo inayopita kwenye tobo la spindo na kukazwa kwa nyuma, kila kipande kinagonga hapo. Ama kila kipande usawazishe mwisho wake na kuchonga bega kwa mpango uleule wa stopa, kisu kilekile, usawazishaji ukiwa na kipande cha katikati na bega bila kipande. Ukifanya hivyo haijalishi kimeingia kiasi gani.

Ukiwa unachonga kati ya senta mbili, zile ncha zinazoshika shafti pande zote mbili, angalia matobo ya senta. Tobo la upande wa chaki likiwa na kina zaidi, shafti nzima inasogea kuelekea chaki. Niliwahi kuhangaika nusu siku na shafti sita za boti za wavuvi wa Kibirizi, kila moja bega lake linakuja kivyake, stopa nimeikagua mara tatu, kumbe aliyetoboa senta alitoboa kwa macho.

Mengine ni madogo: chembe kwenye ncha, kisu kimenolewa na hukupima upya, na mkono. Mkono una uzito. Ukigonga stopa kwa nguvu leo na taratibu kesho utaona tofauti kwenye maikromita. Gusa taratibu uzito uleule kila mara, ukisikia imegusa acha, usilaze mwili kwenye gurudumu.

Naweza kuitumia kukata nyuzi mpaka kwenye bega?

Sio kwa kugonga. Ukikata nyuzi, hafunati (nati ya vipande viwili inayofungwa na kufunguliwa) imeshika lidi skrubu, ile skrubu ndefu inayovuta keriji, na hiyo ina nguvu kuliko oto ya kawaida, ukigonga stopa hapo unavunja. Kwa nyuzi za kuishia kwenye bega chonga kwanza mfereji wa kutokea, kata kwa mwendo mdogo, fungua hafunati kisu kikiwa ndani ya mfereji.

Ila kuna namna moja ya kuitumia vizuri: kukata kuanzia kwenye bega kwenda nje. Spindo inazunguka kinyume, kisu kimegeuzwa juu chini, keriji unaileta mpaka kwenye stopa ndani ya mfereji, unaingiza kisu, unafunga hafunati na kisu kinakimbia kuelekea teilistoki, kule mwisho wa kulia wa mashine, mbali na bega. Stopa hapo inakuonyesha pa kuanzia tu. Tahadhari, kama chaki yako ni ya kukaza kwa nyuzi kwenye spindo, kuzungusha kinyume kunaweza kuifungua ikatoka. Hiyo usijaribu.

Kwenye tobo lisilotokea upande wa pili inasaidia?

Sana, kuliko hata nje, kwasababu ndani huoni. Bushi yenye kitako, weka stopa, bori (panua tobo kwa kisu) mpaka iguse, kitako kinakuwa usawa mmoja kila mara. Kumbuka tu kutoa chembe zilizojaa ndani kabla ya pasi ya mwisho.

Dayo geji ya sumaku, ile ya sindano, haiwezi kuchukua nafasi yake?

Dayo geji inakuonyesha uko wapi, stopa inakuzuia. Sumaku kuitumia kama stopa hapana, inateleza. Mimi kazi za usahihi naweka vyote viwili, nikiona sindano imefika sifuri na mkono umesikia mguso, naamini.

Umeme ukikatika katikati ya pasi?

Jambo la kwanza toa oto, pili rudisha kisu nyuma kwa krosi slaidi, ile inayopeleka kisu kwenye kipande na kukirudisha, tatu zima swichi ya mashine. Umeme ukirudi mashine yenye swichi ya zamani inawaka yenyewe, na kama oto ilibaki imewekwa na hakuna mtu, itakwenda mpaka kwenye stopa na yale niliyoyaeleza juu yatatokea. Stopa yako haiguswi, inabaki na kipimo chake, unaendelea ulipoishia.

Isipotumika naiweka wapi?

Itoe kwenye kitanda. Ikibaki pale watu wanaisahau na keriji inakuja kuigonga. Huku ziwani hewa ina unyevu, hasa mvua zikianza, ncha na nyuzi zinashika kutu ndani ya siku chache. Mi naifuta, naipaka oili, naiviringisha kwenye kitambaa na kuiweka kwenye droo pamoja na vile vipande vyake vya katikati, kila kipande kimegongwa namba ya urefu wake kwa stempu, 30, 25, 16, ili nisivipime tena.